Hofu ya Kurithishana



Ndugu zangu Waislamu, hapa Ihanja mkoani Singida, ninakofundisha elimu ya dini, vijana wamekuwa wakijazana kibanda umiza kutazama filamu za kutisha za Kijapani. Inayozungumzwa zaidi ni Ringu, ya mwaka 1998, iliyoongozwa na Hideo Nakata kutokana na riwaya ya Koji Suzuki. Ndani yake mna kanda ya video yenye picha zisizo na mpangilio, kama za mtu anayeota homa: mwanamke anachana nywele kwenye kioo, maandishi yanatambaa, kisha kisima. Anayeitazama hufa baada ya siku saba.

Wapo waliotoka wakicheka. Wapo pia ambao sasa hawataki kutumwa kisimani jua likishazama, na madrasa nikaulizwa: "Ustadhi, yule mwanamke wa kisimani ni jini?" Majini wapo, na Qur'an ina sura yenye jina lao. Lakini Sadako wa filamu ile ni maiti anayerudi kulipiza kisasi, itikadi ya Kijapani ya tangu zamani. Sisi tumefundishwa katika Surat al-Muuminun, aya ya 100, kuwa mbele ya wafu ipo barzakh mpaka siku ya kufufuliwa. Hapo sikuwa na la kuongeza.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni jinsi mtu anavyopona katika filamu ile. Hupona kwa kunakili kanda na kumwonyesha mwingine! Mwishoni mama anaendesha gari kwenda kwa baba yake mzazi, ili mzee aitazame na mjukuu asalimike. Vijana wetu waliona mama huyo ni hodari.

Tusiwacheke, maana nasi watu wazima tumelicheza hilo. Nani hajawahi kupokea ule waraka uitwao wasia wa Sheikh Ahmad wa Madina, kwamba ukiunakili na kuusambaza utaneemeka na ukiupuuza utapata msiba? Sheikh Ibn Baz (Allah amrehemu) aliandika kuwa ni uongo, lakini mpaka leo unatembea, siku hizi kwa simu. Muislamu anayeswali swala tano anausambaza "kwa tahadhari tu". Tahadhari dhidi ya nani?

Na huko si mbali na kwa mganga. Mtoto anaumwa, mganga anaagua, anatajwa bibi kizee wa jirani mwenye macho mekundu, mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka hamsini. Katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza vikongwe wengi wameuawa kwa tuhuma za namna hiyo. Kuanzia mwaka 2007 tukasikia pia mauaji ya ndugu zetu albino. Mzee anatolewa ili mtoto apone: ndiyo hesabu ile ile ya filamu. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa anayemwendea mpiga ramli na kumuuliza jambo hakubaliwi swala zake siku arubaini. Je, anayemuua jirani kwa neno la mpiga ramli huyo?

Binti mmoja akanibana: "Sasa yule mama angefanyaje, ustadhi? Amwache mwanawe afe?" Nilimjibu kuwa angekaa na mwanawe, amsomee Ayatul Kursiy, waingoje hiyo siku ya saba pamoja, kwani ajali ya mtu haitangulizwi wala haicheleweshwi. Hakuridhika sana, nami nilimwelewa, kwani hata baadhi ya baba zetu hawajaridhika na jibu hilo.

Kwa wazazi wa hapa: mwenye kibanda, jirani yetu, amekubali kutoingiza watoto wadogo baada ya Isha. Tumsaidie kwa kuwaita watoto nyumbani mapema, tusimwachie yeye kazi hiyo peke yake.