Deni la Fundi na Deni la Mwenye Kazi

Siku za karibuni mama mmoja mjane alifika ofisini kwetu na swali ambalo mwanzoni tulilidhani dogo. Alikuwa amepatana na fundi seremala amjengee banda la kuku 40 kwa shilingi 480,000. Nusu ya fedha alimpa mbele, apate kununua vifaa. Nusu ya pili angempa mwisho wa mwezi. Banda likamalizika, kuku wakaingizwa. Juma la pili kicheche akapita usiku, na asubuhi kuku 11 wakakutwa wamekufa. Mayai ya kuku hao ndiyo yaliyokuwa yakinunua sare na madaftari ya watoto wake. Basi akatuuliza: "Je, ni haki nimnyime fundi fedha yake yote iliyobaki?"

Tulikwenda kulitazama banda lenyewe. Mbao zilitumiwa zikiwa mbichi, nazo zilipokauka zikajipinda, hata mlango ukawa haulifikii komeo. Misumari ya bati ilipigwa mabondeni, yapitapo maji, badala ya kupigwa migongoni. Kwa hiyo mvua ya kwanza ilivuja moja kwa moja juu ya viota. Wavu ulikuwa ule mwembamba, ambao huweza kumzuia kuku asitoke, lakini haumzuii mnyama mwenye meno asiingie. Tena ulishikwa na misumari michache iliyokunjwa, na upande wa chini uliachwa wazi kiasi cha kupita mkono. Kwa mbali banda lilipendeza, kwa kuwa lilipakwa rangi vizuri.

Rangi ile ilitufikirisha sana. Anunuaye kitu dukani hukishika, hukigeuza, akikiona kibovu hukiacha. Bali amwagizaye fundi kazi hununua kitu ambacho bado hakijakuwako. Anachonunua kwa hakika ni neno la mtu. Yeye hajui mbao mbichi na mbao kavu, wala hapandi juu ya paa kuhesabu misumari. Uaminifu wa fundi basi hukaa hasa pale ambapo jicho la mwenye kazi halifiki. Apakaye rangi juu ya mbao mbichi, naye ajua kuwa ni mbichi, hakukosea tu kazi. Amesema uwongo kwa mikono yake.

Jambo hili si geni duniani. Sheria za mfalme Hammurabi wa Babeli, zilizoandikwa yapata miaka 1750 kabla ya Kristo, zilimwadhibu mjenzi kwa ukali ambao leo hatuwezi kuusifu. Walakini ndani yake mlikuwamo agizo moja la busara: ukuta ukionekana kulegea, mjenzi auimarishe kwa mali yake mwenyewe. Naye Papa Leo wa 13, katika barua yake ya mwaka 1891 juu ya hali ya wafanya kazi, aliwakumbusha wafanya kazi watimize kwa ukamilifu kazi waliyoipatana kwa hiari na kwa haki. Kisha akawakumbusha matajiri kwamba kumpunja mtu ujira wake ni dhambi kubwa. Yafaa tuyashike yote mawili pamoja, maana mtu aliyekasirika hukumbuka lile la mwenzake na kulisahau la kwake.

Ndipo tulipomsikiliza fundi pia. Yeye hakukana kasoro. Alisema kwamba bei ya kwanza aliyoitaja ilikuwa shilingi 700,000, naye mama akamshusha na kumshusha hata ikafika 480,000. "Nilimwambia, Mama, kwa fedha hiyo mbao kavu hazipatikani. Akaniambia, Mwanangu, wewe jenga tu." Tulipomwuliza mama habari hiyo, alinyamaza kidogo, kisha akakiri kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Je, maneno hayo yamwondolea fundi hatia? Twaona hayamwondolei. Aikubaliye bei ameikubali na kazi. Kama fedha haikutosha, alikuwa na njia mbili nyofu: kukataa kazi, au kusema wazi, "Kwa fedha hii nitakujengea banda la kuku 25, lakini lililo imara." Tena si kila kasoro ilitokana na uchache wa fedha. Kupiga msumari mgongoni mwa bati hakuzidi kwa gharama kupiga bondeni. Huo ni uvivu, wala si umaskini.

Walakini mwenye kazi naye anayo sehemu yake. Kupatana bei ni desturi njema. Ila ipo bei ambayo hata anayeitaja ajua moyoni kuwa hakuna mtu awezaye kufanya kazi halali kwa fedha hiyo. Amsukumaye maskini mwenzake hadi hapo, akijua kuwa mwenziwe hana kazi nyingine juma lile, amemfungulia mlango wa kudanganya. Hatusemi hatia zao ni sawa. Twasema tu kwamba haikuwa ya mmoja peke yake.

Basi, afanyeje mama huyu? Wako waliomshauri anyamaze, ati ndio upole. Ushauri huo hatuukubali. Fundi asiyeambiwa kosa lake hulirudia, na kesho atalirudia nyumbani kwa mjane mwingine. Upole wa namna hiyo hulipiwa na jirani. Wako waliomshauri amtangaze fundi sokoni na asimpe hata senti. Ushauri huo nao hatuukubali. Katika ile nusu iliyobaki mna ujira wa vijana wawili waliobeba mbao na kuchimba mashimo ya nguzo, nao hawakukosa neno. Tena kumharibia mtu jina kabla ya kumwonyesha kosa lake ni kumnyang'anya chakula cha miaka, kwa kosa la siku chache.

Jibu letu lilikuwa hili. Amwite fundi wakiwa wawili tu, amwonyeshe kila kasoro kwa kidole, bila matusi. Ampe nafasi ya kuzirekebisha kwa gharama yake. Azuie fedha ile tu inayolingana na matengenezo, na sehemu iliyobaki aitoe mara, vijana wapate haki yao. Kazi ikitengenea, alipe sehemu iliyozuiwa siku ile ile. Fundi akikataa, amwite mwingine mbele ya mashahidi, akate gharama halisi na kumpa wa kwanza salio lake. Wakishindwa kabisa, waende kwa mwenyekiti wa mtaa awasuluhishe. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa maneno ndio wa kwanza kuzibwa.

Swali la kuku waliokufa lilitushinda kulijibu kwa wepesi. Wavu mbaya ulikuwa kazi ya fundi. Lakini mama aliuona mlango usiofungwa, akawaacha kuku humo siku nne akisema atamwita kesho. Mama alidai alipwe kuku sita, kwa shilingi 20,000 kila mmoja. Fundi alikubali wanne. Sisi tulimwomba mama apokee wanne, yaani fundi akatwe shilingi 80,000 na kupewa 160,000, vijana wakiwa wa kwanza kulipwa. Alikubali, ila hakufurahi. Mpaka leo hatuna hakika kama tulimtendea haki kamili, na kama tulikosa, tulikosa juu ya aliyekuwa mnyonge zaidi. Fundi alifanya kazi siku mbili: aliugeuza mlango, akaziba mashimo ya mabondeni na kupiga misumari upya migongoni, akafunga wavu mnene na kuufukia ardhini chini ya ukuta. Hakupaka rangi mara hii.

Enyi mafundi, mbao zikiwa mbichi, semeni kuwa ni mbichi. Enyi wenye kazi, ulizeni bei ya kazi nzuri kabla ya kuuliza bei rahisi, tena andikeni mapatano: vipimo, aina ya mbao na ya wavu, siku ya kumaliza, na siku ya kulipa. Karatasi moja ya daftari la shule yatosha. Nanyi wazazi, mtoto akiletewa jembe lililolegea mpini, au akishona kifungo kwa nyuzi mbili, msiseme ni kitu kidogo. Afundishwe kukaza mpini na kurudia kushona. Kicheche yule aliingia kwa nafasi ya upana wa mkono tu.