Kizingiti na Utu

Desturi yetu ya kukaribisha wageni ni miongoni mwa mambo tunayojivunia katika utamaduni wetu. Mgeni hupewa kiti kabla ya kuulizwa shida yake, na neno "karibu" hutangulia salamu yenyewe. Lakini yafaa tujiulize: je, nyumba zetu nazo husema karibu? Au kinywa husema neno moja, na kizingiti kikasema jingine?

Swali hili halikunijia kwa kusoma vitabu. Lilinijia nyumbani kwangu Sinza, siku ya msiba. Nilipoijenga nyumba yangu niliinua baraza ngazi tatu, kwa kuhofia maji ya masika, na, lazima nikiri, kwa kupenda fahari. Siku hiyo alifika ndugu mmoja niliyefanya naye kazi miaka mingi, ambaye baada ya ugonjwa hutembea kwa kiti cha magurudumu. Vijana wawili walimbeba, wakampandisha barazani. Kila mtu aliwasifu vijana wale kwa adabu yao. Baadaye alihitaji kwenda msalani. Mlango wa choo ulikuwa mwembamba kuliko kiti chake. Akabebwa tena, mtu mzima mwenye wajukuu, mbele ya wakwe na watoto. Alipokuwa akiaga aliniambia kwa upole, "Ndugu yangu, watu wako wamenipokea vizuri sana. Nyumba yako ndiyo haikunitazamia."

Maneno hayo yamenikaa moyoni. Wako watakaosema kwamba utamaduni wetu una dawa yake: sisi ni watu wa kusaidiana, na mwenye ulemavu hakosi jamaa wa kumbeba. Hoja hii ina ukweli ndani yake, wala si vema kuidharau. Lakini tuitazame kwa makini. Anayebebwa hawezi kuchagua saa ya kuingia wala saa ya kutoka. Usiku wa manane hana budi kumwamsha mtu. Vijana wakienda kazini, yeye hubaki alipowekwa. Msaada wa namna hiyo ni hisani, na hisani ni jambo jema; lakini hisani hutegemea moyo wa mtoaji, na haki haimtegemei. Ujima wa kweli ni kuondoa kikwazo kwa pamoja, ili nguvu za mikono zibakie kwa yale yasiyoondoleka.

Lugha yetu yenyewe inatufundisha. Maneno ya zamani kama vile kipofu, kiziwi, kiwete na kilema yote huanza na kiambishi ki-, kama kiti na kisu, kana kwamba wahusika wamewekwa katika ngeli ya vitu. Lakini tazama sarufi ilivyokataa dhuluma hiyo! Twasema "kipofu amefika". Hatusemi "kipofu kimefika". Jina liliteleza, kitenzi kikamrudishia mtu utu wake. Siku hizi tumelirekebisha na jina pia: Sheria Namba 9 ya 2010 inasema "watu wenye ulemavu", mtu akitangulia na hali yake ikifuata. Ni hatua njema. Lakini nachelea kwamba tumebadili majina upesi kuliko tulivyobadili milango.

Msimamo wa taifa letu juu ya jambo hili si mgeni. Azimio la Arusha la 1967 lilianza kuorodhesha imani zake kwa kusema kwamba binadamu wote ni sawa, na Katiba ya 1977 inatambua usawa huo pamoja na heshima ya utu wa kila mtu. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ambao unayataja makazi miongoni mwa mambo yanayopasa kufikika. Usawa ukikomea kwenye karatasi, mwenye kiti cha magurudumu ataufaidi vipi akiwa chini ya ngazi?

Wengine watauliza kama ni halali kumwekea mwananchi masharti ndani ya kiwanja chake mwenyewe. Jibu liko Sinza. Mtaa huu haukuota wenyewe kama uyoga. Katika mpango ulioanza 1974 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, serikali ilipima viwanja hapa, Kijitonyama na Mikocheni, ikaandaa barabara na maji, na wananchi wakajenga wenyewe. Tangu hapo tulikubali kwamba mjenzi hana uhuru usio na mpaka: hajengi juu ya barabara, wala hamzibii jirani njia. Hakuna aliyesema kwamba masharti hayo ni uonevu. Ikiwa sheria yaweza kumlinda jirani asiyependa kuzibiwa njia, kwa nini isimlinde yule ambaye njia yake imezibwa na ngazi?

Hoja nzito ni ya gharama, na maskini anayejenga tofali kwa tofali anastahili jibu la haki. Kiwango cha chini kiwe cha chini kwelikweli: mlango mmoja usio na ngazi, milango ya upana wa sentimita 80 au zaidi, na choo kimoja cha chini ambacho kiti kinaweza kuingia. Mteremko mzuri huhitaji sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita moja ya kimo. Baraza langu la sentimita 45 ladai mteremko wa mita 5 na sentimita 40, kiwanja hakitoshi. Kama ningaliinua sakafu sentimita 15 tu, na kuyaelekeza maji kwenye mtaro, ungalitosha mteremko wa mita moja na sentimita 80. Gharama kubwa hutokana na kubomoa. Kupanga tangu msingi hakugharimu sana. Kwa hiyo nyumba za zamani zivumiliwe mpaka zifanyiwe matengenezo, lakini nyumba mpya, hasa za kupangisha, zisiwe na udhuru. Mpangaji hachagui ramani, huikuta. Uingereza iliziwekea nyumba mpya masharti ya namna hii tangu 1999.

Wala tusidhani haya ni mambo ya ughaibuni. Tangu 2016 mabasi yaendayo haraka yanapita Barabara ya Morogoro, na katika kituo cha Shekilango jukwaa limejengwa kulingana na sakafu ya basi. Basi, mtu aweza kuingia garini kwa kiti chake bila kubebwa, kisha akafika Sinza akashindwa kuingia katika chumba anachokilipia kodi. Chombo cha safari kimemtazamia, nyumba haijamtazamia.

Vijana mnaosoma makala haya ndio wajenzi wa kesho. Tena mkumbuke kwamba uzima si mali ya kudumu. Ajali, maradhi na uzee havibishi hodi, na anayejenga ngazi leo huenda akawa mfungwa wake kesho. Lakini hata kama tungalihakikishiwa uzima hadi kaburini, wajibu ungebaki palepale, kwa sababu mwenzetu ni mtu. Mimi nimekwisha kupanua mlango wa choo, na upande wa uani nimeweka mteremko. Ndugu yangu alipokuja tena, aliingia kwa mlango wa nyuma. Alishukuru, nami niliona haya, maana mgeni wa heshima hupitia mbele. Deni langu bado halijesha. Nayaacha kwenu beti haya machache, ili mnaoanza kujenga msiurithi mkopo wangu:

Nyumba si mawe na paa, nyumba ni mlango wazi,
Mja apate kukaa, bila kuhofia ngazi,
Apewe bila hadaa, haki yake ya makazi,
Kizingiti kikishuka, utu wetu watukuka.