Haki ya Mtoto katika Andalio la Somo

Kupanga somo la Kiingereza ni kazi ya haki kabla ya kuwa kazi ya elimu. Tumtazame mwalimu wa Kibarani, ng'ambo ya Makupa utokapo kisiwani Mombasa kwenda Changamwe. Mbele yake wameketi watoto waliolelewa katika Kiswahili. Neno "amekuja" kwao huwatosha baba na mama pia. Kiingereza hakiridhiki hivyo. Hutaka kujua kwanza kama aliyekuja ni mwanamume au mwanamke. Basi mtoto amtajapo mama yake kwa neno la mwanamume, hakupungukiwa akili wala adabu. Ameitii sarufi aliyoinyonya.

Mwalimu aliyelifikiri jambo hili usiku hulitengea nafasi asubuhi. Asiyelifikiri hungoja kosa, kisha huadhibu. Zama za ukoloni, katika shule nyingi za Kenya, mtoto aliyeponyokwa na lugha ya kwao alivikwa kibao cha aibu shingoni, na desturi hiyo haikukoma mara baada ya uhuru wa 1963. Ni nani hasa aliyestahili kukivaa?

Watu husema Katiba ya 2010 imekifanya Kiingereza lugha rasmi pamoja na Kiswahili, hivyo mtoto hana budi kujifunza. Ni kweli. Lakini yeye hakuichagua lugha ile. Mwalimu aliichagua kazi yake. Andalio la somo, ambalo wengi (tuseme wazi) humwandikia mkaguzi, lingefaa lianze na swali moja: Kiswahili cha mtoto kitampeleka wapi leo, na kitamkwaza wapi?