Mpiga Banjo na Kumbukumbu ya Wafu

Danny Barker, mpiga banjo wa New Orleans, alifariki tarehe 13 Machi 1994 akiwa na umri wa miaka 85, na aliacha neno ambalo hakuna aliyelitarajia kutoka kwake: hakutaka kuzikwa kwa matarumbeta. Katika mji ule mwanamuziki mkongwe wa jazi husindikizwa makaburini na bendi, na Barker mwenyewe alikuwa miongoni mwa watu waliohangaika zaidi kuinusuru desturi hiyo isipotee. Lakini siku zile maandamano ya mazishi yalikuwa yamegeuka vurugu. Watu walikuja kucheza, hawakuja kuzika. Wanamuziki aliowalea, akiwamo mpiga tarumbeta Gregg Stafford, walimwendea mjane wake, mwimbaji Louisa Barker aliyejulikana zaidi kwa jina la Blue Lu, wakamhakikishia kwamba wataandamana kwa adabu ya wazee. Mjane akakubali. Barker akazikwa kwa matarumbeta.

Kisa hicho kimebeba swali zito kuliko ukubwa wake. Kumbukumbu ya marehemu ni mali ya nani: yake aliyekwenda, au yao waliobaki? Na anapokumbukwa mtu, ni nini hasa kinachokumbukwa: sura yake, kazi ya mikono yake, au nafasi aliyoiacha tupu katikati ya wenzake?

Jazi inayozungumzwa hapa si ile ya Morogoro Jazz au Western Jazz. Bendi za dansi za Afrika Mashariki zililipenda neno zikalifanya lao, zikapiga muziki mwingine kabisa. Jazi ya asili ya New Orleans, katika jimbo la Louisiana, Marekani, ilichipuka mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 kutoka kwenye bendi za matarumbeta, nyimbo za makanisa ya Weusi, bluzi na ngoma za kumbi. Mbele husimama tarumbeta, klarineti na tromboni, kila moja ikisuka njia yake bila kugongana na mwenzake. Nyuma huwa na ngoma, besi au tuba, piano, na banjo.

Banjo yenyewe ni chombo chenye kumbukumbu ya shari. Mababu zake ni vyombo vya Afrika Magharibi vya kibuyu kilichowambwa ngozi na kutiwa mpini wa fimbo. Akonting ya Wajola wa Senegal na Gambia ni mmoja wa ndugu zake wa karibu. Watumwa waliibuni upya katika visiwa vya Karibi na Amerika Kaskazini. Katika karne ya 19 wachekeshaji Wazungu waliojipaka masizi usoni waliichukua, wakaifanya kifaa cha kuwadhihaki haohao walioileta. Ndiyo maana baadaye wanamuziki wengi Weusi waliionea haya. Ilirudi kwa heshima katika jazi kwa sababu iliyokuwa ya kifundi tu: ilikuwa na sauti kali. Kabla ya mwaka 1925 santuri zilirekodiwa bila maikrofoni, wanamuziki wakipiga mbele ya pembe kubwa, na gitaa lilimezwa na matarumbeta. Banjo haikumezwa. Katika rekodi za mwanzo za Hot Five za Louis Armstrong, zilizoanza kufanywa Chicago mnamo Novemba 1925, hamna ngoma wala besi. Mapigo yote yamebebwa na piano ya Lil Hardin na banjo ya Johnny St. Cyr, bwana ambaye baadaye alirudi New Orleans akala jasho lake kwa kupiga plasta kuta za watu.

Sauti ya banjo ina sifa moja inayostahili kutazamwa. Uzi ukiguswa, nguvu yake huhamia upesi kwenye ngozi nyepesi na kutoka yote hewani mara moja, kwa hiyo sauti huvuma kwa ukali kisha hufa papo hapo. Tarumbeta inaweza kushikilia noti hadi pumzi iishe, banjo haiwezi. Mpiga banjo akitaka sauti yake iwepo, lazima aipige tena, na tena, kila pigo la wimbo, usiku kucha. Msikilizaji wa kawaida hamsikii sana. Humsikia anaponyamaza, wimbo unapopwaya ghafla kama kitanda kilichokatika kamba.

Mazishi ambayo Barker aliyakataa kisha akapewa yana mpangilio unaojulikana. Asili yake ni vyama vya kusaidiana, ambavyo msomaji wa Kiswahili atavitambua haraka kwa jina la vyama vya kuzikana: mwanachama alitoa ada, na chama kikamlipia daktari, dawa, jeneza, na akitaka, bendi. Kutoka kanisani bendi hutembea polepole mno na kupiga tenzi za maombolezo. Mpiga ngoma huzilegeza nyaya zilizo chini ya ngoma ndogo au huzibana kwa kitambaa, ili mlio uwe mzito usio na mchakacho. Maiti ikishazikwa, au gari la jeneza likishaachana na msafara, nyaya hukazwa, ngoma hulia kwa ukali, na bendi hurudi mjini kwa mwendo wa furaha. Watu wa mitaani hufuata nyuma kwa leso na miavuli. Wao huitwa mstari wa pili, kwa kuwa wa kwanza ni wafiwa na bendi.

Furaha hiyo ya kurudi imewatatiza wengi. Wapo wanaoifafanua kwa imani ya Kikristo: nafsi imetoka mateso ikaingia raha, basi kuna cha kushangilia. Wengine wanaona ndani yake urithi wa Afrika, ambako msiba wa mzee hauwi kilio kitupu. Maelezo yote mawili yana ukweli, na si lazima yagombane. Kilicho muhimu ni zamu: huzuni kwanza, furaha baadaye, na katikati kaburi. Pwani ya Afrika Mashariki matanga nayo huwekwa na kisha huanuliwa, na anayeanua kabla ya wakati hujitafutia lawama. Alichokilalamikia Barker ni hicho hasa, watu kuanua matanga jeneza likiwa bado barabarani. Kukataa kwake hakukuwa dharau kwa desturi. Yeye ndiye aliyekuwa akiilinda.

Dini nazo zimelijibu swali la kumbukumbu kwa njia zake. Agostino, mzaliwa wa Thagaste katika Algeria ya leo, anasimulia katika Maungamo kwamba mama yake Monika alipokuwa anakufa Ostia mwaka 387 hakujali tena azikwe wapi, ingawa zamani alitamani kulazwa kando ya mumewe. Aliomba tu akumbukwe mbele ya madhabahu ya Bwana. Kumbukumbu ya namna hii haimtegemei mwanadamu peke yake, kwani mwanadamu husahau. Humtegemea Mungu asiyesahau. Waislamu wa pwani wanaposoma hitima hawasomi ili kujikumbusha sura ya marehemu, bali wanamwombea. Kiswahili chenyewe kimebeba mawazo hayo mawili katika maneno mawili ya Kiarabu: marehemu ni aliyerehemiwa, yaani jambo lake liko kwa Mola, na hayati linatokana na neno lenye maana ya uhai. Ni ajabu ya lugha kwamba mtu akishakufa ndipo huitwa uhai.

Mwanateolojia Mkenya John Mbiti aliikaribia ajabu hiyo kwa njia ya falsafa. Katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, aliazima maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, kueleza jinsi wakati unavyofahamika. Sasa ya Mbiti si dakika hii tu. Ni eneo pana la wakati ambamo hukaa walio hai pamoja na wafu ambao bado wanajulikana kwa majina. Hao aliwaita wafu walio hai. Anapokufa mtu wa mwisho aliyemfahamu marehemu, marehemu huyo huzama katika zamani, bahari ambamo majina hupotea. Kwame Gyekye wa Ghana na wengine walimpinga Mbiti vikali, hasa kwa dai lake kwamba fikra ya jadi ya Kiafrika haina mustakabali wa mbali. Pingamizi hilo lina nguvu. Lakini kuhusu wafu, kipimo chake bado ni kigumu kukipuuza: mtu yumo katika sasa maadamu yuko anayeweza kumtaja jina huku akimfahamu.

Santuri inaleta utata hapa. Banjo ya St. Cyr, aliyefariki 1966, bado inasikika kama ilivyosikika 1925. Je, imemzuia asizame? Kwa kipimo cha Mbiti, la. Santuri imehifadhi pigo la mkono wake, na hilo si dogo, lakini msikilizaji hamwiti wala hamjui. Anasikia banjo, hamsikii Johnny.

Upande wa pili yuko Buddy Bolden, mpiga koneti anayetajwa mara nyingi kuwa kiongozi wa kwanza wa bendi ya jazi. Hakuna rekodi yake iliyowahi kupatikana. Alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1907, akafia huko 1931, akazikwa New Orleans katika kaburi lisilo na alama. Hata hivyo jina lake halikuzama, kwa sababu waliomsikia hawakuacha kumsimulia. Barker, aliyezaliwa 1909, hakuwahi kumsikia Bolden akipiga. Lakini babu yake, Isidore Barbarin, alikuwa mpigaji wa bendi ya Onward, na mjomba wake Paul Barbarin alikuwa mpiga ngoma mashuhuri. Alirithi masimulizi kama wengine wanavyorithi shamba.

Urithi huo aliupalilia, na hapa sifa zake zinahitaji kupimwa kwa haki. Mwaka 1965 alichapisha simulizi juu ya Bolden kupitia mdomo wa mzee aitwaye Dude Bottley. Bottley hakuwahi kuwapo. Barker alimuumba kutokana na wazee kadhaa na ubunifu wake mwenyewe. Mwaka 1978 Donald Marquis alitoa kitabu kilichopekua nyaraka za mji na kuonyesha kwamba mengi yaliyosemwa juu ya Bolden, kama kuwa kinyozi na mhariri wa gazeti, hayakuwa kweli. Je, aliyemkumbuka Bolden vizuri zaidi ni nani, mpekuzi wa nyaraka au mtunzi wa Bottley? Jibu rahisi ni kusema wote wawili, lakini jibu hilo linakwepa. Upendo unaomvika marehemu maisha asiyoishi humpa mtu mwingine heshima yake. Marquis alimrudishia Bolden maisha yake mwenyewe. Hata hivyo hangekuwa na sababu ya kufungua jalada moja kama wazee kama Barker hawangelipiga jina hilo tena na tena kwa miaka sabini.

Barker mwenyewe aliwahi kuiacha banjo. Alihamia New York mwaka 1930, wakati maikrofoni zilikuwa zimelipa gitaa nafasi na banjo ikaonekana ya kishamba. Akashika gitaa, na kuanzia 1939 hadi 1946 akapiga katika bendi kubwa ya Cab Calloway. Aliporudi New Orleans mwaka 1965 alifanya kazi katika jumba la makumbusho ya jazi, na banjo ikarudi mkononi. Mji aliourudia ulikuwa na bendi za matarumbeta zilizojaa wazee. Vijana walikuwa na muziki wao.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mchungaji wa kanisa la Kibaptisti la Fairview, Andrew Darby, alimwomba aunde bendi ya watoto. Barker akamtafuta Leroy Jones, mvulana aliyekuwa akifanya mazoezi ya tarumbeta nyumbani kwao jirani, na wengine wakafuata mmoja mmoja. Watoto walijifunza nyimbo, lakini pia mavazi, mwendo, lini ngoma ilegezwe na lini ikazwe, na majina ya waliotangulia. Katikati ya muongo huo yalizuka malalamiko miongoni mwa wanamuziki kwamba anawanyonya watoto, akajitenga. Vijana wakaendelea chini ya Jones kwa jina jingine. Kutoka katika kundi hilo walitoka Jones, Stafford, Lucien Barbarin wa tromboni, na hata Wynton Marsalis alipitia hapo akiwa mdogo.

Jambo moja hupita bila kutazamwa katika habari hii. Bendi ya matarumbeta haina banjo. Barker hakuwaachia watoto wale chombo chake. Wengi wao hawakuwahi kuucharaza hata uzi mmoja. Aliwapa nyimbo za mababu zao wazitie pumzi katika vyombo ambavyo yeye hakuvipiga, na adabu ya kuwazika watu. Ndiyo maana walipomwendea Blue Lu mwaka 1994 hawakuwa wakivunja wosia. Mzee alikataa mazishi mabaya, nao walikuwa tayari wamefundishwa na yeye yaliyo mazuri.

Alilazwa katika makaburi ya St. Louis namba 2. Makaburi ya kale ya New Orleans hujengwa juu ya ardhi kwa matofali, na ya ukoo mmoja hutumika vizazi kwa vizazi: kwa desturi, ikipita mwaka mmoja na siku moja, kaburi linaweza kufunguliwa, mifupa ikasogezwa nyuma ikachanganyika na ya waliotangulia, na nafasi akapewa anayefuata. Blue Lu alifariki mwaka 1998.