Kwenda Nyumbani Krismasi: Wajibu au Fahari?

Kila Desemba mabasi yatokayo Dar es Salaam kwenda Moshi hujaa pomoni. Wachagga wengi, hata wale waliohamia mbali, hurudi kwenye vihamba vya baba zao mlimani Kilimanjaro ili wale Krismasi pamoja na ndugu. Jambo hili ni jema. Lakini je, ni wajibu? Na kama ni wajibu, ni wa nani?

Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa. Methali hii ni ya kweli, ila naona imesema nusu tu ya jambo. Inamhukumu asiyerudi, haiwaulizi waliobaki nyumbani wanampokeaje anayerudi.

Mfikirie kijana ambaye biashara yake imekwenda kombo. Nauli anayo, ila hana cha kubeba. Akiwaza magari yatakayopangwa uani na maswali atakayoulizwa, anaona heri abaki mjini na kuwaambia wazazi kwamba kazi imembana. Je, huyu amewakataa kwao, au kwao ndiko kulikoanza kumkataa?

Desturi yenyewe inatoa jibu. Mbuzi akichinjwa kihambani, nyama haigawanywi kwa kipimo cha mfuko wa mtu. Hugawanywa kwa nafasi yake katika ukoo. Aliyekuja na gari na aliyeshuka basi wote hupewa fungu kwa sababu ya kuzaliwa kwao, wala si kwa sababu ya walichochuma. Anayeigeuza sikukuu kuwa maonyesho ya mali haiendelezi mila, anaivunja.

Liko pia jani la isale. Mchagga aliyemkosea mwenzake humpelekea jani hilo kuomba msamaha, na ni vigumu sana kwa aliyeletewa kulikataa. Siku hizi fedha hutumwa kwa simu, na pengine mama mzazi anazihitaji kuliko kuona wageni. Lakini ndugu wawili waliogombana juu ya mpaka wa kihamba hawawezi kutumiana amani kwa simu kama watumavyo fedha. Yafaa waonane. Hii, kwa maoni yangu, ndiyo sababu kubwa ya kusafiri.

Tukumbuke kwamba Yusufu naye alikwenda Bethlehemu kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa asili ya ukoo wake. Alifika katika mji wa wazee wake, mkewe akiwa mjamzito, na nafasi ikakosekana. Krismasi ya kwanza ilikuwa ya mtu aliyerudi kwao akakosa pa kulala.

Basi wajibu huu una pande mbili. Mwenye uwezo wa kwenda na aende. Muuguzi aliye zamu na mlinzi aliye lindoni wasilaumiwe. Nao wanaongoja nyumbani wamwulize mgeni hali yake kwanza, kabla ya kuutazama mzigo wake. Asiye na mzigo naye ana fungu lake.