Gitaa la Mombasa katika Jua la Isiolo

Nilipohamishwa kutoka Mombasa kwenda kufundisha Isiolo, nilisafiri nikiwa nimelipakata gitaa langu kama mtoto mchanga. Lilikuwa la mbao tupu: uso wa mti mwepesi wa nchi za baridi, jamii ya msonobari, na ubao wa shingo wa mti mwekundu wa ukoo wa mpingo. Nililiwekea akiba miaka miwili.

Kwaya niliyojiunga nayo Bulapesa, mtaa wa Isiolo, ilikuwa na mpigaji mwingine. Gitaa lake lilitengenezwa kwa karatasi nyingi zilizoloweshwa gundi ya kemikali, zikabanwa kwa moto na uzito mkubwa mpaka zikawa ubao mmoja mgumu, ndugu ya fomaika ya meza za hotelini. Nililiita plastiki mbele ya wanakwaya. Alikuwa mkubwa wangu kwa umri, wala hakunijibu. Neno lile nalijutia hadi leo.

Mvua zilikatika mwezi wa tano, upepo wa vumbi ukaanza. Gitaa nililitundika ukutani, chini ya mabati. Kufika Septemba, vile vyuma vidogo vya shingoni vilinikwaruza kiganja kila nilipopiga. Nikadhani vimelegea tu. Usiku mmoja nikasikia mlio mkavu, kama kijiti kinavunjwa. Asubuhi nikakuta ufa kutoka kwenye kidaraja cha nyuzi hadi mwisho wa tumbo, mpana wa kupitisha ukucha.

Fundi wa Nairobi niliyempelekea alichungulia ndani kwa tochi na kioo kidogo. "Mwalimu, hili halikuangushwa. Limekauka."

Akanieleza kwamba ubao hunywa unyevu wa hewa na kuutoa, na ukipoteza maji husinyaa kwa upana, kwa urefu karibu hausinyai kabisa. Chini ya uso wa gitaa kuna vijiti vilivyogundishwa vikiukingama. Uso unataka kusinyaa, vijiti vinaushikilia, mwisho unapasuka. Ubao wa shingo nao ulipungua upana, lakini chuma hakikupungua, ndiyo maana ncha zake zilinikwaruza. Gitaa lilikuwa likiniambia, na nilikuwa na wiki kadhaa za kulisikiliza. Fundi alilirudishia unyevu taratibu, siku baada ya siku, ndipo akatia gundi.

Tatizo hili si geni. Charles Kaman, mhandisi wa helikopta wa Marekani aliyependa gitaa, alianzisha kampuni ya Ovation katika miaka ya 1960 akitengeneza magitaa yenye mgongo wa mviringo wa nyuzi za kioo na rezini. Mwanzoni uso aliuacha wa mbao. Leo yapo ya nyuzi za kaboni mwili mzima, yasiyojua kiangazi wala masika, ingawa bei yake ni ya juu mno kwa mshahara wa mwalimu. La karatasi ni nafuu. Sauti yake, kwa masikio yangu, haina utamu wa mbao, na likivunjika ni gumu kulitengeneza. Lakini haliulizi uko mji gani.

Fahari yangu ya "mbao halisi" ilikuwa na deni jingine. Mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliofanyika Johannesburg mwaka 2016, uliiweka jamii yote ya Dalbergia, mpingo wetu ukiwemo, chini ya vibali vya biashara kuanzia Januari 2, 2017, kwa sababu ilikuwa ikikatwa kupita kiasi. Magitaa yaliyokwisha kutengenezwa yalilegezewa masharti mwishoni mwa 2019, lakini miti haikurudi kwa kulegezwa karatasi. Sisi wa huku tunaujua mwendo huo: msandali wa milima ya Samburu uling'olewa na mizizi yake, hata baada ya marufuku ya kuuvuna ya mwaka 2007.

Nilimwendea yule mzee nyumbani kwake kumwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akamimina chai, kisha akanionya nisije nikaacha hata gitaa kama lake ndani ya gari lililofungwa juani, maana gundi ya kidaraja hulainika.

"Lako ni zuri kuliko langu, mwalimu," akasema. "Ila ni la Mombasa."

Siku hizi kiangazi chote hulilaza gitaa langu ndani ya sanduku lake, pamoja na kipande cha sponji chenye unyevu ndani ya kibweta cha sabuni nilichokitoboa matundu. Jumapili napiga la yule mzee.