Umekuwa wa Ngapi?

Mwanangu, mwaka wa pili chuoni, ameniomba pesa anunue kifaa cha kupitisha umeme hafifu kichwani, miliampea mbili tu, apate kukumbuka masomo. "Mama, hakiumi," aliniambia.

Nilisoma kwanza. Mwaka 2013 watafiti wa Oxford, Teresa Iuculano na Roi Cohen Kadosh, walichapisha jaribio lao: umeme kwenye sehemu moja ya ubongo uliharakisha kujifunza alama mpya za namba, lakini ukapunguza wepesi wa kuzitumia bila kufikiri. Sehemu nyingine ilileta kinyume chake.

Kinachonitisha ni hasara ambayo mwenyewe hataihisi.

Lakini tangu darasa la kwanza, nani alimpokea mlangoni akiuliza, "Umekuwa wa ngapi?" Ni mimi. Pesa nitamnyima, ila nitaanza kwa kumwomba radhi.